Barua kwa mwanangu: kile kiapo sitakula

Mwanangu, salaam,

Meseji yako nimeipata, na zile picha za fomu nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakaanza kuwasha. Nakuandikia badala ya kurekodi sauti kwa sababu nikirekodi mama yako anadakia, mwisho unamsikia yeye tu. Kwa nilivyoelewa umeuliza hivi: mambo yako ya uuguzi Canada yamekaa vizuri, mwaliko wa Express Entry, ule mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, umefika, baba watoto kagoma kusaini watoto wasafiri, je unaweza kuondoka nao hivyo hivyo. Alafu kule chini kabisa, kama kitu kidogo tu, unaniomba niende kwa wakili hapa Newala nikale kiapo kwamba baba yao hajulikani alipo na watoto umelea peke yako.

Nianze na hilo la chini maana ndo jepesi. Sili kiapo. Hajulikani alipo kivipi? Yupo Tandahimba kwenye mikorosho yake, na kila msimu AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wakiingiza malipo anatuma hela ya sare na michango ya shule, we mwenyewe ulishanitumia picha ya muamala wake ukilalamika kachelewesha. Picha hiyo bado ninayo humu kwenye simu. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA vya watoto wote wawili vina jina lake. Mimi nimekaa kwenye mizani ya AMCOS mpaka nywele zimeota mvi, najua kilo za kwenye stakabadhi zikija kutofautiana na za ghala kuu anayeitwa sio mkulima, anaitwa karani aliyesaini. Na hapa karani ni mimi. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na hao Canada wakigundua umewadanganya wanakufungia mlango miaka 5, si watoto tu, na wewe na leseni yako ya uuguzi mnabaki hapa. Kwa iyo hilo tuliache, na usimwombe mjomba wako pia maana najua ndo unapoelekea.

Na lile wazo la mdogo wako la kupita Mtambaswala, nimelisikia, hapa nyumbani hamna siri. Eti Daraja la Umoja likivukwa tu upo Msumbiji, toka hapo mpaka Maputo, ndege hiyoo. Daraja lile tangu lifunguliwe 2010 watu wanavuka kila siku, sawa, lakini wewe sio mtu wa kuvuka na vitenge ukauze Montepuez. Viza ya kuhamia haiangalii ulivuka daraja gani, inaangalia fomu. Na fomu uliyonitumia, ile ya mzazi asiyesafiri, imeandikwa wazi kwamba huyo mzazi asaini mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kushuhudia na aambatanishe kitambulisho chake. Sasa utavuka Ruvuma uende wapi bila hiyo karatasi? Uhamiaji nako ukiombea pasipoti mtoto wa chini ya miaka 18 wanataka vyeti na ridhaa ya wazazi. Njia za panya zote zinarudi kwenye saini ya yule yule bwana.

Unasema "lakini baba, watoto si wapo na mimi". Wapo na wewe ndio, ila nani kasema wapo na wewe? Mliachana kwa karatasi ya talaka na maneno ya wazee barazani, hakuna mahakama iliyowahi kuandika kwamba watoto hawa wanakaa na mama. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawapa nyie wote wawili wajibu kwa watoto, kuachana kwenu hakujamfuta yeye. Na ile Sheria ya Ndoa ya 1971, kesi ikiwepo au mzazi mmoja akiwa amepewa watoto, mahakama ina nguvu ya kumzuia mzazi asimtoe mtoto nje ya Tanzania, na pia ina nguvu ya kumruhusu, kwa masharti au bila masharti. Hapo kwenye ruhusa ndo napotaka ukae vizuri unisikilize, nitarudi.

Mjomba wako yeye kashapandisha. Anasema watoto ni wa kwetu, upande wa mama, toka lini Mmakonde akaomba ruhusa ya baba kuhusu watoto wa dada yake. Namwelewa, mimi mwenyewe nimekulia kwa mjomba, baba yangu alikuwa mtu wa kuja na kuku na kuondoka. Lakini hakimu hataamua kwa ukoo unapitia upande gani peke yake. Na baba watoto naye kapata ushauri wake, kaambiwa mtoto akishafika miaka 7 ni wa baba. Hiyo nayo sivyo inavyosomwa. Sheria ya Ndoa inachosema ni kwamba mtoto chini ya miaka 7 inachukuliwa ni vizuri akae na mama, mpaka ionekane vingine, haisemi kwamba siku ya keki ya miaka 7 anahamishwa kama mbuzi. Inaangaliwa maslahi ya mtoto. Binti yako ana 6, kijana ana 11, na sheria ya 2009 inataka pia ndugu wasitenganishwe ikiwezekana, na mtoto asikilizwe anataka nini. Umemuuliza kijana? Nauliza kweli, maana kwenye meseji ndefu yote ile umeniambia bei ya nyumba kule na baridi lakini yeye anasemaje sijaona.

Sasa nikuambie kitu ambacho hutakipenda. Mkwe wangu, na kwangu bado ni mkwe, alikuja hapa Jumapili. Alikaa kwenye lile benchi la nje, hakunywa hata chai, kofia kaishika mkononi anaizungusha tu. Nikajua kaja kukusema vibaya, nikajiandaa. Akaniambia, "Mzee, mi sipingi Canada, nani anapinga mtoto asome Canada? Naogopa atabadilisha namba." Basi, ndo hilo. Akaongeza kwamba mlipogombana kipindi cha Ramadhani ulimblok, na watoto hakuwasikia mpaka Idi. Sijui kama ni kweli, sikumjibu, wewe unajua.

Na woga wake una msingi ujue. Kuna mkataba wa Hague wa 1980 unaosaidia kurudisha watoto waliotoroshwa na mzazi mmoja kuvuka mipaka, Canada wamo, Tanzania hatumo. Maana yake ukishatua na watoto kule na ukaamua kunyamaza, mkulima wa Tandahimba hana ofisi ya mkataba ya kumsaidia, itabidi akafungue kesi huko huko Canada kwa wakili wa Canada kwa hela ya korosho. Wewe ungekuwa ndo yeye, ungesaini? Mimi ni baba, nisingesaini. Si kwa ubaya, nisingesaini tu mpaka nione nimeandikiwa nini.

Kwa iyo mwandikie. Sio "nakuahidi hutawapoteza", hiyo hata wanasiasa wanasema. Andika vitu anavyoweza kuvishika: siku gani ya wiki watoto wanapiga simu na saa ngapi za huku, kule kukiwa mchana huku usiku umeshaingia, usije ukapanga saa ambayo yeye kalala. Likizo ya kuja nyumbani kila baada ya miaka mingapi na nauli analipa nani (wewe, usimwingize kwenye nauli, msimu ukiwa mbaya hata salfa ya kupulizia mikorosho anakopa). Anwani na shule anajulishwa kila mkihama. Pasipoti za Tanzania hawaachi kuhuishiwa. Hela anayotuma ya sare mkubaliane inafunguliwa akaunti kwa jina la watoto ili aendelee kuwa baba anayetoa, usimwambie "hela yako haihitajiki" kwa sababu utapata mshahara wa dola, mwanaume ukimwambia hivyo umemuua. Na kuna suala la jando. Anataka kijana apite jandoni kabla hajaondoka, na ndugu zake wawepo. Hilo mpe. Likizo ya Desemba si mbali, hospitali au kwa ngariba mtaamua wenyewe, mimi napendelea hospitali na we muuguzi unajua kwa nini, ngoma na pilau vitafuata nyumbani. Mtu uliyemwachia akamcheza mwanae jando hawezi kukuangalia kama mwizi wa mtoto.

Mkishakubaliana msiishie kwenye karatasi ya daftari na sahihi ya mjumbe. Nendeni ustawi wa jamii pale Manispaa Mtwara wote wawili, wakae na nyie, alafu makubaliano hayo yapelekwe mahakamani yawe amri. Ukiwa na amri ya mahakama inayosema unaruhusiwa kuhama na watoto kwa masharti haya na haya, na fomu yake iliyosainiwa, Canada hawatakuwa na swali kubwa la ridhaa ya baba. Na yeye siku ukizima simu ana karatasi yenye muhuri. Inawalinda wote.

Akikataa hata baada ya hapo? Basi peleka wewe maombi mahakamani, uombe kukaa na watoto na ruhusa ya kuwatoa nchini. Afisa ustawi atachunguza aandike ripoti, ataenda shule, atakuja mpaka kwangu, na nitamwambia ukweli kwamba wewe ni mama mzuri na yeye sio baba mbaya. Utaona kama namsaliti mwanangu lakini ndo nitakavyosema. Inaweza ikachukua muda na mwaliko wako una tarehe, najua, ndo maana nakuambia anza na benchi la nje kabla ya benchi la mahakama.

Kingine usichezee: kwenye fomu yako wataje watoto wote wawili na wakapimwe afya, hata kama ikilazimika utangulie peke yako. Wewe ulikuwa unafikiria usiwaandike ili maombi yawe mepesi. Mtoto ambaye hukumtaja na hakupimwa, kumwita baadaye kama familia ni kazi kubwa mno, na unaweza kumkosa kabisa. Wakiandikwa kama wasiosafiri kwa sasa mlango unabaki wazi. Kutangulia sio aibu, mama yako yupo, mimi nipo, shule ipo, na ukishakuwa na kazi na chumba hata huyo bwana ataona unachowaitia watoto ni nini. Mama yako anasema hawezi kulea tena, usimsikilize, kashapanga kitanda cha binti kitakaa wapi.

Nimeongea na mkwe, Jumamosi saa nne yupo tayari tukutane Mtwara kwako, mimi nakuja na gari ya alfajiri. Mjomba wako asije safari hii, nitamalizana naye mwenyewe. Printi fomu nakala mbili, moja ya Kiingereza kama ilivyo na nyingine umtafsirie kila kipengele kwa mkono wako, maana hatasaini asichokisoma na mimi ndo nimemwambia asisaini. Kijana awepo, asipelekwe tuisheni. Na ile namba yake, kama bado umeiblok, ifungue leo.

Baba yako,
Newala