IELTS kwa muuguzi: jibu langu kwa mdogo wangu wa Mbeya

Juzi nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa muuguzi wa Mbeya, analia. Amefanya IELTS Academic, mtihani wa kupima Kiingereza, akapata 7 ya jumla: kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuzungumza 7, kuandika 6. NMC, baraza linalosajili wauguzi na wakunga Uingereza, linataka 7 kwenye yale matatu na 6.5 kwenye kuandika. Kakwamishwa na nusu alama. "Dada, mbona Kiingereza nakijua?"

Najua unakijua, mdogo wangu. Hata mimi nilikuwa nakijua, ila hakuna aliyeamini.

Mimi ni wa shule ya kata. Msingi tulisoma kwa Kiswahili, tukafika kidato cha kwanza tukakuta baiolojia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili. Kuongea nani aongee? Nilipoenda kujiandikisha darasa la maandalizi pale Dar (jina naliacha), mwalimu alinisikiliza kidogo tu, akacheka, akaniambia mbele ya watu nianze kwanza na vitabu vya watoto. Na wale waliosoma shule za kulipia wakacheka naye. Ada yangu nilirudi nayo nyumbani. Leo nina 7.5, nafanya zamu za usiku wodi ya wazee huku Uingereza, na yule mwalimu, kama anasoma hapa, namsalimu sana.

Nilisomea chumbani kwa simu na bando la usiku. Sehemu hiyo naruka, haina utamu. Nilichokigundua ni kwamba mtihani huu haukuulizi kama umesoma sana. Unataka ujibu ulichoulizwa, ndani ya muda, bila kuongeza chako.

Anza na kusikiliza. Maswali 40, sauti inachezwa mara moja tu. Sehemu ya kwanza mara nyingi mtu anatoa taarifa zake: jina, mtaa, namba ya simu. Jina likitajwa herufi kwa herufi ndipo sisi tunapoumia, kwa sababu Mwingereza akitaja E, sikio letu linasikia i, na akitaja A mkono unaandika e. G na J ndiyo kabisa. Na ukikosea herufi moja, jibu zima limekufa. Mimi nilikuwa nakunja gozi za vidonda wodini huku nataja majina ya dawa herufi kwa herufi kwa sauti, wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa. Saa nazo zina mtego wake: wakisema half seven ni saa moja na nusu, wewe andika 7:30. Akili iliyochoka inarudi kwenye saa za nyumbani bila kukuaga.

Kusoma ni saa moja, maswali mengine 40, na huongezewi dakika za kuhamisha majibu. Wauguzi tunaangushwa na maswali ya kuchagua True, False au Not Given. Kifungu kinazungumzia malaria, swali linasema jambo ambalo wewe umeliona wodini kwa macho yako, unaandika True haraka haraka. Kifungu kimelisema? Kama hakikulisema wala kulikanusha, ni Not Given. Uzoefu wako wa wodini uache mlangoni pamoja na simu.

Sasa kuandika, palipokukwamisha wewe. Saa moja, kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250, na ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Ndiyo maana ile ya kwanza usiipe zaidi ya dakika 20. Kwenye grafu, yaani kazi ya kwanza, eleza kinachoonekana. Usianze kutafuta sababu ambazo grafu haina. Kwenye insha, yaani kazi ya pili, toa msimamo, uutetee hadi mwisho. Umenitumia insha yako ya mazoezi na nimeisoma: aya yako ya kwanza nimeshaiona kwa watu wengine, neno kwa neno. Tumezoeshwa kukariri tangu mitihani ya taifa, lakini wasahihishaji wa huku wanaijua harufu ya insha iliyokaririwa, na alama inashuka. Andika kwa maneno yako hata kama ni mepesi.

Kuzungumza umefaulu, hongera. Wengine wanaosoma hapa wachunge kitu kimoja: kumwita mama "he". Kwetu yeye ni yeye tu, kwa hiyo ulimi unateleza.

Halafu kuna jambo linaniudhi. Wadogo zangu, acheni kununua "majibu" na vyeti kwenye magrupu ya WhatsApp! Mnauza simu, mnakopa kwenye vikoba, mnamtumia mtu msiyemjua pesa kwa M-Pesa. Anayekuuzia cheti anakuuzia karatasi, maana taasisi zinazopokea matokeo zina mfumo wa kuyahakiki mtandaoni. Ukikamatwa hupotezi pesa peke yake, usajili wako wa uuguzi nao unauweka rehani. Muuguzi mwongo ndiye unayetaka ampe mama yako sindano? Mcheni Mungu, fungueni vitabu.

Nirudi kwako, mdogo wangu. Usifute machozi kwa kulipia darasa jingine. NMC wanakubali kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12, mradi hakuna alama iliyoshuka zaidi ya nusu chini ya kiwango chao. Kuandika kwako 6 kumo humo. Lakini soma masharti kwenye tovuti yao wewe mwenyewe, usimtegemee wakala, tena kabla hujalipia tarehe. Ukirudia, usiniangushe kwenye kusoma na kusikiliza. Jumapili siko zamu: nitumie insha moja uliyoandika kwa dakika 40, saa ikiwa mezani, na ile aya ya kwanza usiniletee tena.