Haraka ya jeshi huanzia stoo: maswali yenu na majibu yangu

Ukikaa Nakuru, jirani na kambi za jeshi za Lanet na Gilgil, na watu wakijua uliwahi kuvaa magwanda, huponi maswali ya jeshi hata ukienda kununua sukuma. Mwezi huu wengi wameuliza kuhusu vikosi vya kutumwa haraka. Nimechagua haya.

Wale RDU waliotupiga vitoa machozi ndio kikosi cha jeshi cha haraka? (Mwendesha boda, Kondele)

La. RDU ni polisi, tawi la Polisi wa Utawala. GSU, wale wa kuzima ghasia, "fanya fujo uone", ni polisi. Recce ya Ruiru, kikosi maalumu cha GSU, ni polisi. Waliopelekwa Haiti Juni 2024 ni polisi. Swali hili nimelijibu hadi nimechoka, na nitalijibu tena kwa sababu kosa lake lina gharama: ukidhani kila mwenye nguo za madoadoa ni mwanajeshi, siku ukivunjwa mkono hutajua pa kushtaki. Askari polisi akikuumiza, unakwenda IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. IPOA haina habari na kambi ya jeshi.

Kikosi cha aina hiyo hupangwaje, na kwa nini kisifanywe kikubwa zaidi? (Mwalimu mstaafu, Kakamega)

Asante, mwalimu, kwa swali lenye kichwa na miguu. Hapa kwetu askari wa miamvuli ni wale wa 20 Para, kambi yao iko Gilgil. Kazi ya askari wa namna hii popote duniani ni moja: kuwahi. Wanashuka, wananyakua uwanja wa ndege au daraja, wanalishikilia mpaka wenye silaha nzito wafike. Hawana vifaru. Wana bunduki, mizinga midogo ya mota, redio, maji na chakula cha siku chache mgongoni. Wasipofikiwa, wanakwisha. Arnhem kule Uholanzi, Septemba 1944, Waingereza zaidi ya 10,000 walishushwa ng'ambo ya mto Rhine wakisubiri wenzao wa nchi kavu. Wenzao walichelewa. Waliovuka kurudi hawakufika 2,500.

Sasa hesabu. Kikosi cha haraka kwa kawaida hukatwa mafungu matatu: moja limefungasha na linasubiri simu, la pili liko mazoezini, la tatu limetoka kazini na linapumua. Ukisikia brigedi ina watu 3,000, usidhani 3,000 watapanda ndege kesho. Shika 1,000, halafu toa wagonjwa, walio kozi na walio likizo. Ndipo uulize ndege. Ndege za uchukuzi za Spartan za jeshi letu la wanahewa ni tatu, na moja hubeba askari wa miamvuli 46. Zote zikiwa nzima, na ndege haziwi nzima kila siku, hao ni watu 138: kombania moja na chenji. Ukiongeza askari bila kuongeza ndege, umeongeza watu wa kukaa kambini wakinywa chai.

Mimi sikuwa komando, mwalimu. Nilikuwa stoo. Usiku mmoja, kambi nisiyoitaja, tuliamshwa saa nane kwa zoezi la ghafla. Watu walijipanga upesi ajabu: buti zimekazwa, mabegi yanapimwa moja moja kwenye mizani ile ile ya kupimia magunia ya mahindi, sajenti akipiga kelele kila sindano ikipita alama. Kisha malori mawili yakakataa kuwaka. Betri. Betri mpya zilikuwepo, zimefungiwa, na mwenye ufunguo alikuwa matangani Bungoma, ufunguo mfukoni mwake. Tulivunja kufuli saa kumi na mbili, jua likichungulia. Ripoti iliandikwa kwamba zoezi limefaulu. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kuhusu kikosi cha haraka, mimi humuuliza nani ana ufunguo.

Marekani wanafika popote kwa saa 18. Sisi tunashindwa wapi? (Msomaji, Langas, Eldoret)

Hawafiki kwa saa 18, wanaondoka. Divisheni ya 82 ya Fort Bragg hujipanga ili ndege ya kwanza iruke ndani ya saa 18 tangu amri itoke, na uwanja wa ndege wa Pope umepakana na kambi yao. Zingatia huo uwanja. Jirani wa kambi ni ndege, si duka la nyama choma.

Nao hawakuanza hivyo. Rais Carter alipounda kikosi chao cha pamoja cha kutumwa haraka, Machi 1980, baada ya mapinduzi ya Iran na Wasovieti kuingia Afghanistan, wakosoaji walicheka kwamba si cha haraka, wala si cha kutumwa, wala si kikosi. Walichofanya kwanza hakikuwa kuajiri makomando. Walitafuta bandari. Mwaka huo huo wakatia saini na Kenya watumie Mombasa, wakaenda na Oman, wakaenda na Somalia kwa ajili ya Berbera. Januari 1983 kikosi hicho kikawa kamandi nzima ya Mashariki ya Kati, hii CENTCOM mnayoisikia kwenye habari.

Sisi? Chukua Garissa, 2 Aprili 2015. Washambuliaji waliingia chuo kikuu kabla hakujapambazuka. Recce, narudia ni polisi, walifika mchana na kuingia jioni, na kazi yao haikuchukua muda mrefu. Watu 148 walikuwa wameuawa. Mabingwa hawakukosekana siku hiyo. Walichelewa kubebwa. Januari 2019, hoteli ya Dusit jijini Nairobi iliposhambuliwa, waliitikia upesi zaidi, kwa hiyo kujifunza kunawezekana. Bado 21 walikufa.

Ni kweli Waisraeli wa Entebbe 1976 walitua Kisumu kwanza? Babu yangu anaapa. (Muuza mitumba, Busia)

Mpe babu salamu, lakini hapana. Walikwenda kuokoa mateka uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda. Waliruka kutoka Sharm el-Sheikh, ndege nne za uchukuzi za Hercules, safari ya kilomita kama 4,000, wakamaliza shughuli kwa kama saa moja na nusu na kuondoka na mateka zaidi ya 100. Walitua Kenya wakati wa kurudi, nako ni Nairobi, kutia mafuta. Unaona? Hata hao walihitaji pampu ya jirani.

Kikosi cha Afrika Mashariki kilichokwenda Goma ndicho kile cha dharura chenye ofisi Karen? (Mwanafunzi, Maseno)

Sivyo, na magazeti yenyewe yaliwachanganya. Kilichokwenda Goma Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023 kilikuwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kiliundwa kwa kazi hiyo tu, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mkenya, Meja Jenerali Jeff Nyagah. Kile cha Karen, Nairobi, ni EASF, Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki, kimoja kati ya vitano vya kanda vinavyounda jeshi la dharura la Umoja wa Afrika. Wanachama wake ni kumi, kuanzia Ushelisheli hadi Sudan. Tanzania haimo, iko upande wa SADC. Sekretarieti iko Karen, makao ya kijeshi na stoo ziko Addis Ababa.

Hakina kambi moja iliyojaa askari. Kila nchi inaahidi batalioni fulani, kombania fulani, daktari fulani, na wanaendelea kukaa kwao hadi waitwe. Mpango una ngazi sita. Kutuma washauri au waangalizi, siku 30. Ujumbe mkubwa wa kulinda amani, siku 90. Ngazi ya sita, kuingilia mauaji ya kimbari, siku 14. Hizo 14 zina asili yake. Aprili 1994, Rwanda ikichinjwa, Umoja wa Mataifa ulipunguza askari wake kutoka kama 2,500 hadi 270 badala ya kuongeza. Afrika ikasema hatutasubiri tena.

Desemba 2014 ikatangazwa EASF iko tayari kamili. Mwaka uliofuata Burundi ikawaka, na Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika likaidhinisha askari 5,000. Burundi ikasema wakiingia itawahesabu wavamizi. Januari 2016 marais wakakutana, wakalegea, kikosi hakikwenda. Na Burundi yenyewe ni mwanachama wa EASF! Mwanafunzi wangu, ukiandika insha usijaze kurasa kwa aina za bunduki. Andika ni nani anaweka saini, na nini kinatokea anapokataa.

Wezi wa ng'ombe wakirudi, kwa nini tusiletewe wa miamvuli tena huku Mlima Elgon? (Mfanyabiashara, Cheptais)

Ndugu yangu, wewe ndiye ungenieleza mimi. Machi 2008 jeshi lilipanda mlima huo kwa Operesheni Okoa Maisha dhidi ya kundi lenye silaha la SLDF, waliokuwa wakiua na kukata watu masikio kwa ugomvi wa mashamba ya Chebyuk. Mei, kiongozi wao Matakwei akauawa. SLDF ilivunjika, kweli. Lakini waulize kina mama waliopeleka nguo za watu wao kambi ya jeshi ya Kapkota na kurudi nazo. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika juu ya mateso na wanaume waliochukuliwa wasionekane tena. Jeshi lilikana. Hizo familia bado zipo, na baadhi ni wateja wako.

Askari wa miamvuli hufundishwa kupigana na adui aliye mbele yake. Kijijini aliye mbele yake ni mchunga ng'ombe na fimbo. Ndiyo maana Katiba, kifungu cha 241, inataka Bunge likubali kabla jeshi halijatumwa kutuliza fujo ndani ya nchi. Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi Bonde la Ufa kaskazini dhidi ya majangili, Juni 2024 ikalipeleka kwa vijana wa maandamano. Mara zote mbili tangazo la gazeti rasmi lilitangulia, wabunge wakafuata siku chache au siku moja nyuma wakipiga muhuri. Hiyo ndiyo haraka pekee ninayoiogopa. Mwambie mbunge wako akusomee kifungu hicho kabla hujamwomba helikopta.

Nyando ikifurika mbona hao wa haraka hawaji? (Mama muuza samaki, Ahero)

Mama, kifungu hicho hicho cha 241 kinawataka wasaidie wakati wa majanga na kutoa ripoti Bungeni kila wanapotumwa, na 2024 walionekana kwenye mafuriko. Ila wao si wa kwanza. Wa kwanza ni kaunti, Msalaba Mwekundu na jirani mwenye mtumbwi. Ukisikia mvua inanyesha Nandi usiku kucha, hamisha watoto na deep freezer asubuhi, usisubiri sauti ya helikopta.

Jenerali Ogolla alikuwa komando? (Msomaji, Ugunja)

Hapana, huyo mkuu wetu wa majeshi aliyefariki 2024 alikuwa rubani wa ndege za kivita. Pumzika, Jenerali.

Nataka kuingia moja kwa moja 20 Para. Kuna mtu anaomba 300,000. (Kijana, Molo)

Huyo mtu ni mwizi. Usajili ni bure, na hakuna kuingia moja kwa moja: unakuwa kurutu Eldoret kwanza, au kadeti Lanet, kisha unajitolea kwa kozi ya miamvuli na wengi wanaanguka. Kila msimu vijana hufika lango la Eldoret na barua za kununua, masanduku ya bati yamepakwa rangi mpya, na hulala seli usiku huo huo. Barua kumi na moja za swali hili nimezitupa. Yako nimeijibu kwa sababu umesema baba anataka kuuza ng'ombe wawili. Mwoneshe hapa.

Kwa nini askari wa Gilgil hukimbia alfajiri wakiimba? Wanatuamsha. (Mpangaji, Gilgil)

Baridi ya Gilgil saa kumi na moja unaijua. Na anayeimba hapati pumzi ya kumsengenya afande.