Kuachwa na timu tatu si mwisho wa safari

Mdogo wangu, umeuliza kama kuachwa na timu tatu ndani ya miaka miwili ni dalili kwamba uache kikapu. Hapana. Mtazame Ish Smith. Mwaka 2010 hakuna timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, iliyomchagua kwenye drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, lakini akaja kuchezea timu 13, rekodi ya ligi hiyo. Timu hiyo ya 13, Denver Nuggets, ndiyo aliyotwaa nayo ubingwa wa 2023.

Wachezaji wa aina yake hudumu kwa sababu kocha anajua anachopata: mtu anayeshika mbinu haraka, anayekaba, asiyenuna akiwekwa benchi. Chagua kazi moja uifanye vizuri kila siku. Kwenye NBA kuna hata mkataba wa siku 10. Timu ikishakupa miwili msimu huo, ama ikusajili hadi mwisho wa msimu au ikuache. Muda huo hautoshi kujifunza. Fika ukiwa tayari.

Ninachokuhofia zaidi ni pesa. Ukienda kucheza nje, usisaini kabla hujaona kifungu kinachopeleka migogoro BAT, chombo cha usuluhishi kilichoanzishwa chini ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mwaka 2007. Bila kifungu hicho hawawezi kukusikiliza, na klabu kuchelewesha mishahara ni jambo la kawaida mno. Tena hakikisha barua ya kukuruhusu kuhama kutoka shirikisho lako inashughulikiwa mapema, maana bila hiyo hutacheza.

Na goti ulilotaja, lipimwe kwanza, kabla hujaongea na wakala yeyote.