Mashine Imeisoma Hati: Je, Niinukuu?

Swali: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu hati za Kilatini za Uingereza za karne ya 13. Nimepitisha picha zake katika Transkribus, programu ya kusoma mwandiko wa mkono, na kiwango cha makosa ni asilimia 5. Je, naweza kunukuu maandishi hayo jinsi yalivyotoka, maadamu asilimia 95 ni sahihi?

Jibu: Hapana, na kinachonikera ni hilo "maadamu", ambalo nakutana nalo karibu kila mwezi. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa herufi, si kwa maneno. Makosa yakitawanyika sawasawa, takriban neno moja kati ya manne yenye herufi sita litakuwa na kasoro. Tena kiwango hicho kilipimwa kwenye kurasa za majaribio, ambazo huenda mwandiko wake haufanani na wa mnakili wako.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni tatizo dogo. Wanakili wa zama hizo walifupisha mno: p iliyokatwa mkia kwa kistari ni per, yenye kitanzi mkiani ni pro, na kistari juu ya irabu husimama badala ya m au n. Kwa hiyo iwapo fedha zililipwa na mfalme, per regem, au kwa niaba yake, pro rege, huenda ni suala la mikwaruzo miwili ya wino kwenye ngozi ya mnyama iliyoandikiwa hati, nayo imefifia, na kwa kuwa yote mawili ni Kilatini safi, jicho lako halitashtuka. Programu itumie kwa rasimu na kwa kutafuta maneno katika mamia ya kurasa, kazi inayoiweza vizuri. Mstari wa kunukuu usome mwenyewe kwenye picha, kamusi ya vifupisho ya Cappelli ikiwa mezani, na herufi ulizozijaza uzitie kwenye mabano.

Wanaonichosha zaidi ni wauzaji wa "usomaji wa papo hapo", ambao huitupia picha programu ya akili unde na kudai malipo ya mtaalamu. Mashine za awali zilipokosea zilitoa takataka, nasi tukaijua kuwa ni takataka. Hizi za sasa huziba tundu la ngozi kwa maneno ya kawaida ya hati, zikaongeza hata jina la shahidi wa hati ambaye mnakili hakumwandika, na shahidi huyo, akishachapishwa mara moja, atanukuliwa na watu wasiowahi kuiona ile ngozi.