Saikloni "inachuja" vumbi ama "inatenganisha"?

Msomaji mmoja wa kiwandani huku Industrial Area ameuliza hivi: wanaandika maelezo ya saikloni, ile mashine ya kutoa vumbi kwenye hewa, kwa Kiswahili ya kubandika ukutani, yeye akaandika "saikloni inachuja vumbi", msimamizi wake akafuta akaweka "vumbi linatenganishwa na hewa". Nani yuko sawa?

Ndugu yangu, hiyo kuchuja toa. Kuchuja lazima kuwe na kitu cha kuzuia, majani ya chai yanabaki kwa chujio chai inapita, na ndani ya saikloni hakuna chujio lolote. Hewa chafu inaingia juu ubavuni kwa kasi, inazunguka, chembe za vumbi kwa uzito wake zinashindwa kupinda pamoja na hewa, zinatupwa kwenye ukuta wa ndani zinateleza mpaka ile sehemu ya chini iliyochongoka kama pia na kutoka, hewa nayo inageukia katikati inapanda na kutokea kwa bomba la juu. Fundi mgeni akisoma "inachuja" atazunguka akitafuta chujio la kuosha, na pa kuangalia ni ule mlango wa vumbi wa chini, maana feni ikiwa inavuta na huo mlango unavuja, hewa ya nje inaingia hapo na kupeperusha vumbi juu tena.

Lakini ya msimamizi ndiyo inanisumbua zaidi. "Linatenganishwa na hewa" ina "na" ya maana mbili: vumbi linaachana na hewa, ama hewa ndiyo mtendaji, kama tunavyosema geti limefungwa na soja. Kwa mashine zingine msomaji angeelewa tu, ila kwa saikloni hewa kweli ndiyo inazungusha vumbi, kwa hivyo maana zote mbili zinakubalika na mtu hajui ashike gani. Mtaje mtendaji: "saikloni inatenganisha vumbi na hewa". Ukitaka fupi, "vumbi linatengana na hewa", hapo hakuna kauli ya kutendwa so utata unaisha.

Na tafadhali msiandike "vumbi lote". Lile laini sana, la chini ya mikroni 5 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mara nyingi linaponyoka na hewa, ndiyo maana viwanda vingi vinaweka mifuko ya kitambaa baada ya saikloni. Kama mko nayo, "inachuja" yako iandike hapo kwa mifuko.