Bamvua si mvua: soma kabla hujakubali marekebisho ya mhariri

Usiku niliorudishiwa tasnifu yangu na mhariri nililifungua faili la Word nyumbani, Wete, watoto wameshalala. Kurasa zaidi ya mia, na karibu kila mstari una wekundu: maneno yaliyokatwa, maneno yaliyochomekwa, na pembeni vijisanduku vya maoni vimebanana kama samaki kwenye tenga. Nilichoka kabla sijaanza. Nikafanya jambo ambalo nawaomba nyinyi mnaoanza leo msilifanye. Nilibofya mshale mdogo ulio chini ya kitufe cha kukubali (Accept), nikachagua kukubali mabadiliko yote kwa mara moja, kisha nikafuta na maoni yote ya pembeni. Wekundu wote ukatoweka. Tasnifu ikawa safi kama kanzu ya Idi. Asubuhi nikaituma kwa msimamizi wangu.

Baada ya wiki moja akanipigia simu.

"Mwanangu, hawa kinamama wa Micheweni wanashuka kuvuna mwani wakati wa mvua?"

"Hapana, Maalim. Wanashuka wakati wa bamvua."

Akanyamaza kidogo. "Basi fungua ukurasa wa 41, unisomee."

Nikafungua, na pale palikuwa na mvua. Ukurasa wa 43 mvua, na sura ya nne yote imejaa mvua.

Kwa msomaji asiyekulia pwani: bamvua ni kipindi cha mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana, bahari ikarudi nyuma na kuacha eneo kubwa wazi. Hapo ndipo mkulima wa mwani anapoweza kufika shambani kwake kwa miguu, akafunga mbegu kwenye kamba au akavuna. Yakija maji mafu, hakupwi vya kutosha. Ratiba yote ya kilimo hiki, kilichoanza Zanzibar kibiashara mwaka 1989, inakwenda na bamvua. Utafiti wangu ulihusu msamiati wa wakulima hao, kwa hiyo neno bamvua halikuwa pambo. Lilikuwa mhimili.

Mhariri wangu ni mtu wa bara, mwenye Kiswahili kizuri sana, na kazi yake aliifanya kwa uaminifu. Nilipolirudia faili lake la awali (kwa bahati lilikuwa bado limo kwenye barua pepe) nilikuta kwamba mahali pa kwanza alipolibadilisha neno hilo aliweka maoni pembeni: "Nadhani ulikusudia mvua. Tafadhali thibitisha." Aliniuliza. Mimi nikamjibu "ndiyo" bila ya kusoma swali. Tangu siku ile kila mstari mwekundu nauona kama swali ninaloulizwa, na kile kitufe cha kukubali nakihesabu kuwa ni jibu langu kwa maandishi. Siku ya utetezi mhariri hayupo ukumbini. Anayeulizwa ni wewe peke yako.

Basi nawaeleza ninavyofanya sasa, baada ya kuwasaidia na wenzangu kadhaa hapa Pemba.

Kwanza, faili alilorudisha mhariri usiliguse. Linakili, uipe nakala jina lenye tarehe, na ufanye kazi kwenye nakala. Liweke la asili kwenye fleshi na kwenye barua pepe pia. Fleshi hupotea.

Kisha angalia unaona nini. Programu ya Word ina namna kadhaa za kuonesha marekebisho, na zinapatikana sehemu ya mapitio (Review), karibu na mwisho wa utepe wa juu. Namna moja huonesha kijistari tu pembeni mwa mstari uliobadilishwa, nyengine huonesha kila kitu, nyengine huonesha maandishi kama kwamba umeshakubali yote, na nyengine hukuonesha ulivyoandika mwanzo. Wengi huona ukurasa msafi wakadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Marekebisho yamefichwa tu. Yamo ndani ya faili, na ukilituma kwa mtu mwengine anaweza kuyaona yote. Nina mwenzangu aliyepeleka tasnifu yake kwenye duka la steshenari kuchapishwa nakala nne. Kwenye kompyuta yake ilikuwa safi. Kwenye kompyuta ya duka ikafunguka na wekundu wake, kijana wa kaunta hakujua, akachapisha. Nakala nne zikatoka na vijisanduku pembeni na maandishi yamesinyaa. Zote alizilipia.

Ukishajua unachokiona, usianze na maneno. Anza na yasiyo na maana ya ndani: ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, ujongezaji wa aya. Kwenye orodha ya vitu vya kuonesha (Show Markup), ondoa alama kwenye maingizo na mafuto (Insertions and Deletions), yaani maneno yaliyochomekwa na yaliyokatwa, ubakishe mabadiliko ya umbo tu. Yapitie kwa macho, kisha chagua kukubali yote yanayoonekana. Hayo ndiyo pekee ninayoyakubali kwa mkupuo. Rudisha maingizo na mafuto, utaona wekundu umepungua sana na pumzi inarudi.

Sasa maneno, na hapa ndipo pa kutulia, kwani yapo maeneo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni upatanisho. Kiswahili kina jambo lake ambalo lugha kama Kiingereza haina kwa kiasi hiki. Ukibadilisha jina moja, unavuta sentensi nzima. Niliandika: "Kamba zilizofungwa mwani hunyooshwa baina ya vigingi viwili." Mhariri akaona "uzi" ni bora: "Uzi uliofungwa mwani hunyooshwa baina ya vigingi viwili." Machoni ni badiliko moja, lakini programu imeandika mawili, kwa sababu "zilizofungwa" imegeuka "uliofungwa" mahali pengine kwenye sentensi. Nikakataa "uzi", kwani wakulima wenyewe husema kamba, nikaendelea mbele, nikafika kwenye "uliofungwa", nikaona ni herufi chache tu, nikakubali. Matokeo yake: "Kamba uliofungwa mwani." Kosa ambalo mtoto wa skuli halifanyi, na limo kwenye tasnifu ya lugha. Kwa hiyo usiamue neno kwa neno. Isome sentensi nzima kwanza, ya zamani na mpya, ndipo uamue. Ukiona mabadiliko yake yanategemeana, ichague sentensi yote kwa kuipaka rangi kisha ukubali au ukatae kwa pamoja. Na baada ya kukataa badiliko angalia nafasi kati ya maneno. Mara nyingi hubaki nafasi mbili, au maneno mawili hugandana.

Nukuu za watafitiwa ni eneo la pili, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Mhariri alipitisha Kiswahili sanifu kwenye tasnifu nzima, akazigusa na nukuu. Mama mmoja aliniambia: "Mume wangu kenda dago." Ikawa: "Mume wangu ameenda na dau." Alidhani "dago" ni dau lililokosewa. Dago ni kambi ya wavuvi wanaohama makwao kwa siku au wiki kadhaa kufuata samaki. Mume hakwenda na dau. Yuko mbali, na ndiyo maana mama yule analilima shamba la mwani peke yake. Hoja yangu ya ukurasa mzima ilisimama juu ya neno hilo. Na "kenda" kuwa "ameenda" nako ni kumvua mama wa watu sauti yake.

Watu husahau kwamba Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake uliamuliwa kuwa Kiunguja cha mjini mwaka 1928, si sawa na kila kinachosemwa visiwani. Mtu wa Micheweni, wa Tumbatu na wa Makunduchi kila mmoja ana chake. Katika maelezo yangu mwenyewe mhariri alibadilisha "mwengine" kuwa "mwingine" kote, na kwa tasnifu ile nilikubali, kwa sababu mwongozo niliopewa ulitaka hivyo. Lakini ndani ya alama za kunukuu nilikataa kila badiliko, hata la herufi moja. Kama hujampelekea mhariri kazi bado, mwandikie mapema kwamba nukuu zisiguswe, na umpe orodha ya istilahi na maneno ya lahaja pamoja na maana zake. Karatasi moja inatosha. Mimi sikumpa, na "kotoni", jina wanalotumia wakulima kwa aina moja ya mwani, nililikuta limegeuzwa "pamba".

Eneo la tatu halionekani kirahisi kwa sababu sentensi ya mhariri hupendeza kuliko yako. Niliandika: "Wengi wa wakulima niliowahoji walisema bei huenda ndiyo sababu ya vijana kuacha kilimo hiki." Akaifupisha: "Wakulima wengi wa Pemba wanasema bei ndiyo sababu ya vijana kuacha kilimo hiki." Nzuri, nyepesi, inasomeka. Lakini mimi nilihoji watu 24, sikuwahoji wakulima wote wa Pemba. Na "huenda" sikuiweka kwa woga. Niliiweka kwa sababu ushahidi wangu ulifika hapo tu. Angalia sana yanapokatwa maneno kama huenda, baadhi, takriban, kwa mujibu wa. Angalia pia sentensi mpya kabisa ambayo hukuiandika wewe. Kama huna chanzo chake, ikatae hata ikiwa ni kweli, kwa sababu mtahini akikuuliza umeitoa wapi hutaweza kusema kaiandika mhariri.

Msielewe kwamba mhariri ni wa kukataliwa. Katika tasnifu yangu nilikubali sehemu kubwa mno ya aliyonifanyia. Alinionesha kwamba kila aya yangu ilianza na "Aidha". Alizikata sentensi zangu zilizojaa "ambapo" juu ya "ambapo" zikawa mbili mbili, na mpaka leo naandika vizuri zaidi kwa sababu yake. Njia moja ya kufaidika ni hii: ukiona anakurekebisha jambo lile lile mara ya tano, simama, liandike kwenye daftari, ujue ndilo kosa lako. Ukikubali tu bila ya kuliona utalirudia kwenye makala yako ya kwanza.

Pale usipoelewa kwa nini kabadilisha, usikatae kimya kimya. Jibu ndani ya kijisanduku cha maoni, au mpigie. Mimi hukusanya maswali kumi au zaidi nikampigia mara moja, kwa adabu, nikimtajia ukurasa. Wahariri wengi hufurahi kuulizwa.

Mambo madogo niyapitie haraka. Kama laptopu umeinunua iliyotumika, marekebisho yako yataonekana kwa jina la mwenyewe wa zamani. Libadilishe kwenye mipangilio kabla hujaanza, msimamizi asije akauliza huyu ni nani. Kama mhariri amekurudishia faili bila ya kuwasha ufuatiliaji wa mabadiliko (Track Changes), usikae ukalinganisha kwa macho: Word ina uwezo wa kulinganisha faili mbili na kukutolea la tatu lenye wekundu wote. Na kama marejeo yako umeyaweka kwa programu kama Zotero au Mendeley, mabadiliko ya mhariri ndani ya mtajo, mfano mwaka au jina la mwandishi, yasahihishe ndani ya programu hiyo hiyo; usipofanya hivyo siku utakayoisasisha orodha kosa litarudi lilivyokuwa.

Ukimaliza, fungua kidirisha kinachoorodhesha marekebisho uhakikishe hakuna lililobaki. Zima ufuatiliaji. Chagua faili zima na ubonyeze F9 ili yaliyomo na namba za kurasa zijisasishe, kwani kichwa cha habari kilichofutwa huweza kuganda kwenye yaliyomo. Halafu lisome lote, likiwa safi, kwa sauti ikiwezekana. Mimi nilimwomba mdogo wangu anisomee huku nimeshika nakala ya zamani. Ilituchukua jioni tatu, na tulikamata "mvua" mbili zilizobaki, moja kwenye maelezo ya picha na moja kwenye kiambatisho, mahali ambapo sikuwa nimepita.

Geuza PDF, na steshenari upeleke hiyo tu. Faili lenye wekundu lihifadhi mpaka ushike cheti mkononi. Marekebisho ya mtahini wa nje yatakuja, na kuna siku utaulizwa kwa nini sentensi fulani imebadilika baina ya rasimu mbili. Utalifungua, utakuta kijisanduku chenye swali la mhariri, na chini yake jibu lako.