Kabla ya Kuwasha Projekta: Kwa Wanaoanza Kuhamasisha Kuhusu Distrofi ya Misuli Nairobi

Ukijiunga na kazi hii ya kupeleka mitaani habari za distrofi ya misuli, ugonjwa wa jeni unaodhoofisha misuli kidogo kidogo, utatamani kuanza na kamera. Iweke kando kwanza. Anza na swali ambalo mama atakuuliza taa za ukumbi zikiwashwa: "Wangu yuko vivyo hivyo. Nimpeleke wapi?" Kama huna jibu lenye jina la kliniki, siku ya kliniki na mtu wa kuulizia akifika, filamu yako haijawa tayari, hata kama imehaririwa vizuri namna gani.

Swali hilo litakuja mapema kuliko unavyodhani. Duchenne, aina inayowapata watoto zaidi, huonekana kwa mvulana mmoja kati ya kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Ni nadra, lakini sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni nne Nairobi, na mitaa kama Kayole, Mathare na Kawangware imejaa watoto. Familia mbili zinaweza kuishi njia moja kwa miaka bila kujuana, kila moja ikidhani imepatwa na jambo lisilo na mfano duniani. Siku utakayoonyesha filamu, mojawapo itakuwa imeketi mbele yako.

Kwa hiyo, kabla ya kurekodi chochote, nenda kituo cha afya cha mtaa huo uzungumze na afisa wa kliniki. Muulize: nikimleta mtoto anayeangukaanguka, mtampima nini, mtaandika barua ya rufaa kwenda wapi? Kaa na wahudumu wa afya ya jamii pia. Wao ndio wanaobisha milango kila wiki, na wakishajua dalili watakuletea familia ambazo hazitawahi kufika ukumbini.

Dalili zenyewe zijue kwa macho yako, usitegemee karatasi. Mtoto amechelewa kutembea, au alitembea vizuri kisha akifika miaka mitatu, minne, akaanza kuachwa nyuma na wenzake. Anatembelea vidole. Ngazi zinamshinda. Mashavu ya miguu yamejaa kama ya mchezaji mpira, na jamaa wanasifu nguvu zake. Nairobi mtoto huyu mara nyingi huambiwa ana matege, akae juani anywe maziwa. Wengine husema ni polio. Walimu husema ni mvivu. Hata hospitalini njia inaweza kupotea: vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini hupanda pia misuli inapoharibika, na mtoto akazungushwa kwa vipimo vya ini ilhali shida iko kwenye misuli. Kipimo cha kuulizia ni cha damu, kreatini kinase, ambacho maabara huandika CK. Kwa mtoto mwenye Duchenne huwa juu mara kumi au hata mara mia kuliko kawaida. Majibu yake hayamalizi uchunguzi, ila yanamwambia daktari aelekee wapi.

Hapa ndipo filamu inapoishinda hotuba yoyote. Mtoto mwenye Duchenne akiinuka kutoka sakafuni, hugeuka kifudifudi, hutanua miguu, huweka mikono magotini, kisha mapajani, na kuusukuma mwili wake juu kidogo kidogo mpaka asimame. Daktari William Gowers alieleza jambo hilo Uingereza mwaka 1879, na mpaka leo dalili hiyo ina jina lake. Unaweza kulieleza kwa dakika tano na mzazi asikuelewe. Ukilionyesha, sekunde kumi zinatosha. Lirekodi kutoka ubavuni, kamera ikiwa chini usawa wa mtoto, mwili wote uonekane, bila kukata na bila muziki. Muziki wa huzuni huwafanya watu walie wakasahau kutazama, na sisi tunataka watazame. Ukipata ruhusa, weka kando yake mtoto mwingine wa umri huo akiinuka kwa kawaida. Sijaona kipande cha filamu kinachofundisha zaidi ya hicho.

Sasa nikwambie kuhusu akina mama, kwa sababu hapa filamu inaweza kuvunja nyumba. Duchenne hutokana na badiliko kwenye jeni ya distrofini, protini inayolinda misuli, na jeni hiyo iko kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu na ameipata kwa mama yake. Msimulizi akisema "ugonjwa hutoka kwa mama" na kuendelea na mengine, amesema neno la kweli lililokatwa katikati, na hilo nusu ndilo litakalofika nyumbani jioni. Mama ambaye tayari anaambiwa ukoo wao una laana sasa ataambiwa na projekta. Sema yote. Sema kwamba takriban thuluthi moja ya watoto hawa wamepata badiliko jipya la jeni ambalo mama hana. Sema kwamba mama anayebeba badiliko kwenye jeni yake hakulichagua wala hakulijua. Na mweke baba katika filamu, baba anayembeba mwanawe, anayeketi naye foleni hospitalini. Wapo. Watafute mpaka uwapate, kwa maana mwanamume aliye ukumbini atamsikiliza mwanamume mwenzake pale ambapo wewe na karatasi zako hatakusikiliza.

Ukishaelewa urithi huu utaelewa pia kwa nini ridhaa ya filamu hii ni nzito kuliko ya filamu nyingine. Ukionyesha uso wa kijana na kutaja Duchenne, umesema jambo pia juu ya mama yake na dada zake, ambao huenda wanabeba jeni hiyo na wanakaribia umri wa kuolewa. Waulize nao. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 habari za afya ni data nyeti, na za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi. Mimi huongeza kumuuliza mtoto mwenyewe. Akisema hapana, kamera inarudi mkobani hata kama mzazi ameshatia sahihi. Waeleze wazi kwamba video ikishaingia WhatsApp hakuna anayeweza kuirudisha. Halafu waonyeshe filamu iliyokamilika, nyumbani kwao, kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona, na wakubali tena.

Kama mnakusanya pia damu kwa utafiti wa jeni, ridhaa ya filamu na ridhaa ya utafiti ziwe karatasi mbili, siku mbili tofauti ikiwezekana. Mtu aliyekubali kupigwa picha hajakubali kutolewa damu. Vibali vya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti, ni vya lazima, na KFCB, bodi ya filamu ya Kenya, huainisha filamu zinazoonyeshwa kwa umma. Shughulikia mapema na usinung'unike. Ukifika kwenye damu, jibu uvumi kabla haujaulizwa: inatolewa kiasi gani, inapelekwa maabara gani, nani atapata majibu na lini. Eleza pia faida yake bila kuipamba. Badiliko la jeni hutofautiana kati ya mtoto na mtoto, na baadhi ya dawa mpya hufaa wenye mabadiliko fulani tu. Zile zinazoruka eksoni ya 51, yaani kimoja cha vipande vya jeni hiyo, kwa mfano, zinawahusu takriban asilimia 13 ya wenye Duchenne. Mtoto ambaye badiliko lake halijulikani hawezi hata kuhesabiwa. Majibu yakitoka, yarudishe kwa familia wewe mwenyewe. Kuna familia zilizotoa damu zikasubiri mpaka zikakata tamaa, na zinapokufungia mlango zina haki.

Watakuuliza kama kuna tiba. Usiseme ipo. Marekani iliidhinisha tiba ya jeni mwaka 2023, na bei yake inapita dola milioni tatu. Lakini usiseme pia kwamba hakuna la kufanya, kwa kuwa huo ni uongo unaogharimu miaka ya mtoto. Dawa kama prednisoloni, chini ya daktari na bila kukatizwa ghafla, humsaidia mtoto atembee kwa muda mrefu zaidi. Moyo na mapafu yachunguzwe hata kabla hajalalamika. Mnyoosho wa viungo kila siku husaidia. Kumlazimisha apande ngazi ili "apate nguvu" humuumiza, na hili ningependa liwe ndani ya kila filamu, kwa kuwa wazazi hulifanya kwa upendo.

Kuhusu ukumbi sina mengi. Uwe chini, usiwe na ngazi, na choo chake kiingie kiti cha magurudumu. Jumapili alasiri ni bora kuliko Jumamosi. Tenga pesa za usafiri, maana matatu nyingi hazimsubiri mtu mwenye kiti. Tarehe 7 Septemba, siku ya Duchenne duniani, ni nzuri kwa shule. Ilichaguliwa, 7/9, kwa sababu jeni ya distrofini ina eksoni 79.

Na watafute vijana wenyewe, wale wa miaka 17, 20, wanaokaa ghorofa ya nne Huruma au Pipeline ambako hakuna lifti. Nguvu ya vidole hubaki muda mrefu baada ya miguu na mabega kuchoka, na wengi wao wanaijua kompyuta vizuri. Mpe mmoja kazi ya kuhariri. Atakwambia ni picha ipi inamdhalilisha na ni ipi inasema ukweli, na neno lake liwe la mwisho. Mlipe kiwango kile kile unachomlipa mhariri mwingine, na mikutano ya kazi ifanyieni kwao, huko huko ghorofani.